Mtoto kagonga kichwa huku Lamu: umuangalie nyumbani, umpeleke hospitali, au uvuke utafute skani?

Hii nawaandikia wazazi wa huku kwetu visiwani, wa Lamu mjini, Shela, Matondoni, Kipungani na ndugu zetu wa Pate, Siyu na Faza, manake swali ni lile lile na siku zote laja wakati watu washachanganyikiwa. Mtoto ameporomoka ngazi za darini, au kapigwa teke na punda, au wamegongana vichwa kwenye mpira, au karuka gatini maji yakiwa yametoka, kichwa kimegonga, kalia, kanyamaza, sasa afanywe nini? Mmoja atasema hana kitu huyo mpakeni alale. Mwingine atasema apelekwe Mombasa leo leo akapigwe skani. Wa tatu, mara nyingi bibi, atasema asilale kabisa mpaka kuche. Nataka niziweke njia hizi moja kando ya nyingine nieleze kila moja yafaa lini na yaharibu wapi, na upande wangu nausema tangu mwanzo: kwa watoto wengi kipimo kinachofanya kazi zaidi ni mtu anayemjua mtoto vizuri akimuangalia kwa saa kadhaa, akijua anatafuta nini. Skani ina kazi yake tena kubwa, ila si ile kazi wengi wanayoidhania.

Ubongo ukitikisika ndani ya fuvu, chembe zake zinavurugika utendaji. Potasiamu inatoka, kalsiamu inaingia, na ubongo unaanza kuchoma sukari nyingi ili urudishe mambo sawa, na wakati huo huo damu inayoufikia inaweza kuwa imepungua. Ndio maana mtoto anakuwa mzito, kichwa chamuuma, mwanga na kelele zamkera, anasahau, anakuwa na hasira au analia kwa jambo dogo, usingizi unaharibika. Hakuna kilichopasuka. Kwa hivo mtoto mwenye mtikisiko wa ubongo akipigwa skani ya CT, kawaida inatoka safi kabisa. Ni kama kuipiga picha nyumba ya mawe ukitaka kujua kwa nini stima yapepesa, kuta utaziona zote na ufa utauona ukiwepo, lakini mkondo wa stima hauonekani kwenye picha. Skani inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Ikitoka safi maana yake hakuna hivo viwili, haina maana kwamba mtoto hana kitu, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea wakirudi nyumbani, wanamuachia arudi mpirani siku ya pili kwa sababu "skani iko sawa".

Na jambo jingine, watu wengi wanangojea mtoto azirai ndio waamini. Wanaozirai ni wachache, hawafiki mmoja katika kumi. Wengi wanaamka wenyewe, wanajipangusa mchanga, wanasema niko sawa, tena mtoto wa mpira atasema niko sawa hata kama haoni vizuri manake hataki kutolewa.

NYUMBANI AU HOSPITALI?

Nianze na zile hali ambazo hakuna kulinganisha, ni kwenda tu, usiku au mchana. Mtoto amezirai, hata kama amezinduka. Amepata degedege. Anatapika tena na tena. Kichwa chazidi kumuuma badala ya kupungua. Anauliza swali lile lile, hawatambui watu, au anaongea maneno hayaeleweki. Haamshiki vizuri. Mkono au mguu umelegea, au anapepesuka akitembea. Mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Damu au maji maji yasiyo na rangi yatoka puani au sikioni, au kumetokea weusi nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili ilhali hakugongwa hapo. Shingo yamuuma sana, huyu msimwinue ovyo, mumlaze sawa kichwa kisizungushwe mpaka apatikane mtu anayejua kumbeba. Ikiwa hata moja katika haya ipo basi njia ya nyumbani imefungika.

Kwa mtoto mchanga dalili ni nyingine, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi kwa sababu hawezi kusema. Alia habembelezeki, akataa kunyonya, utosi umevimba, au ana uvimbe laini upande wa kichwa au kisogoni. Uvimbe wa kwenye paji la uso kwa kawaida si mbaya kiasi hicho, wa pembeni na wa nyuma ndio unaoogopesha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja akigonga kichwa kwa nguvu aonwe tu hata kama anacheka, hasa yule ambaye hajaanza kutembea. Huyu mara nyingi haanguki mwenyewe, kwa hivo daktari atauliza maswali mengi, na mzazi asikasirike akiulizwa, ni haki ya mtoto.

Urefu alioangukia pia waingia kwenye hesabu. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2009, wa watoto 42,412 waliogonga vichwa wakaletwa hospitali wakiwa macho au karibu macho, na kutokana na ule madaktari wakapata kanuni wanayoiita PECARN. Humo kuanguka kunakohesabiwa kukubwa ni zaidi ya sentimita 90 hivi kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na zaidi ya mita moja na nusu kwa mkubwa zaidi. Sasa linganisha na nyumba zetu. Mtoto mdogo akianguka kutoka kitanda kirefu cha zamani au juu ya baraza la nje yuko karibu karibu na huo mpaka, na darini kwenda uani ni mbali sana kuupita. Teke la punda nalo ni kitu kizito kilichopiga kwa nguvu, usilihesabu sawa na mtoto aliyejigonga mlangoni.

Katika watoto wote wale 42,412, waliokutwa na jeraha kubwa la ubongo walikuwa chini ya mmoja katika mia, na waliohitaji kupasuliwa ni kama mmoja katika elfu. Na wale ambao hawakuwa na dalili hata moja ya kanuni hatari yao ilikuwa ndogo mno, chini ya mmoja katika elfu mbili. Nazitaja hesabu hizi ili mzazi aliyekaa barazani saa tatu usiku na mtoto aliyegonga kichwa, hana dalili yoyote, anacheza, anakula, ajue kwamba kumuangalia nyumbani ni matibabu kamili. Halafu kitu kinachonifurahisha kwenye kanuni ile, kwa watoto wa chini ya miaka 2 moja katika dalili zenyewe ni mzazi kusema "huyu hayuko kama kawaida yake". Yaani madaktari wa hospitali kubwa kubwa wameliweka jicho la mama ndani ya hesabu. Kwa hivo ukienda hospitali ukasema "daktari, mwanangu nimjuavyo mimi siye huyu", hilo ni jambo la kitabibu, liseme na ulirudie kama halikusikika.

Kumuangalia nyumbani lakini si kumuacha. Saa 4 mpaka 6 za kwanza mtu mzima mmoja awe naye, asiachiwe dada yake wa miaka tisa, manake kuna aina ya damu inayovuja ndani ambayo mtoto huzinduka akaongea vizuri kabisa kisha baada ya saa chache akaanza kuharibikiwa. Baadaye endelea kumuangalia siku moja au mbili. Andika kwenye karatasi ameanguka saa ngapi, ametapika saa ngapi, amekula nini, amelala saa ngapi. Dawa ya kichwa mpe parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kila baada ya saa 4 hadi 6 na isizidi mara nne kwa siku. Brufen iacheni siku hizi za mwanzo kwa sababu ya hofu ya damu, na asprini mtoto hapewi kabisa. Uvimbe wekea barafu iliyofungwa kitambaa, usiukande kwa nguvu wala kwa maji moto. Kisomo asomewe, azinguliwe, hakuna ubaya, bora jicho lisimtoke wakati anasomewa.

Na usingizi? Ile ya kumkalisha macho usiku kucha nafahamu yatoka wapi, wazee waliona watoto waliolala wasiamke. Ila kinachoua ni damu ndani ya fuvu, usingizi wenyewe hauui, na ubongo uliotikisika wahitaji usingizi. Kama amekuwa sawa zile saa za mwanzo mwache alale, ila usiku wa kwanza mchungulie mara kwa mara, umguse, akijigeuza akanung'unika akakutambua basi yuko sawa. Ikiwa haamki, hapo si usingizi tena.

HOSPITALI YA HAPA AU SAFARI YA SKANI?

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa na saa zenye thamani. Kutoka Mokowe mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, mpaka Mombasa ni zaidi ya 300, na kabla ya hapo kuna kuvuka. Wa Faza na Kizingitini wana bahari ndefu zaidi, kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka boti zinapata taabu, na kusi likivuma mtoto anayetapika kwenye boti hutajua kama ni kichwa au ni bahari. Kwa hivo mtu anaponiambia anataka kumtoa mtoto hapa moja kwa moja mpaka Mombasa bila kupita hospitali ya karibu nasikitika, kwa sababu kama mtoto hana dalili mbaya safari haina haja, na kama anazo basi safari hiyo kwa gari la abiria yaweza kummaliza njiani.

Kinachofanyika kwenye hospitali ya karibu, iwe King Fahd hapa mjini au Faza au Mpeketoni, kinaonekana kidogo lakini kina uzito. Wanapima fahamu kwa alama, 15 ndio kamili, wanaangalia mboni, wanapima sukari, wanazuia degedege, wanampa oksijeni akihitaji, wanaangalia shingo. Halafu wanarudia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya Uingereza, unasema mtoto akifika alama 15 achunguzwe kila nusu saa kwa saa 2, halafu kila saa moja kwa saa 4, halafu kila saa 2. Kurudia huko ndiko kunakoonyesha mtoto anapanda au anashuka, na kunahitaji nesi, tochi na karatasi, vitu ambavyo vipo hata kisiwani. Kama ukiona mtoto amewekwa kitandani na hakuna anayekuja kumuangalia, uliza kwa adabu: "Dada, mwanangu anaangaliwa tena saa ngapi?" Ni haki yako kuuliza.

Ukilinganisha basi, kumuangalia hospitali saa 4 hadi 6 na kupiga skani papo hapo: kwa mtoto aliyetapika mara moja mbili, au aliyezirai kidogo akazinduka, au mwenye kichwa kinachouma sana lakini fahamu zake ziko sawa, kanuni ile ya PECARN inawaruhusu madaktari kuchagua mojawapo, na kwa sisi tunaoishi ng'ambo ya maji kuangalia kwanza mara nyingi ndio chaguo bora. Wengi wanaimarika wakiwa hapo hapo, skani haihitajiki tena, na mtoto hakula mionzi ya bure, manake CT ni mionzi na watoto wanaathirika nayo kuliko sisi, hatari ni ndogo lakini ipo. Dalili zikiwa mbili tatu pamoja, au zikizidi akiwa kitandani, au mtoto akiwa mchanga sana, mizani inaelemea skani. Na mtoto ambaye fahamu zake hazijarudi 15, au fuvu lahisika limevunjika, huyu hakuna mjadala, askaniwe, na aende kwa rufaa akiwa na muhudumu na oksijeni, hospitali anayokwenda imepigiwa simu na imethibitisha kwamba mashine inafanya kazi leo na kuna mtu wa kuisoma. Hilo la simu nalisisitiza. Ulizeni pia kabla ya kuondoka SHA (bima ya afya ya serikali) inalipia nini katika safari hiyo, wakati wa kuuliza ni wakati rufaa yaandikwa.

Eksirei ya kichwa je? Naiona bado yaombwa sana kwa sababu ni rahisi na ipo karibu. Miongozo ya Marekani ya 2018 ya watoto inasema wazi isitumike kutafuta mtikisiko wala damu ya ndani. Yaweza kuonyesha ufa wa mfupa, ikatoka safi na damu bado ikawa inavuja ndani. Nikiambiwa nichague kati ya eksirei na saa nne za kuangaliwa na nesi anayeandika, nachukua saa nne bila kufikiria. Kuna pia vipimo vya damu, Marekani waliruhusu kimoja 2018 kwa watu wazima, kwa watoto miongozo hiyo hiyo imesema visitumike nje ya utafiti, basi mtu asikuuzie.

Kuna jambo la huku kwetu Pwani ambalo kwenye vitabu vya ng'ambo hulikuti. Mtoto anaanguka Jumamosi, Jumapili anatapika, ana usingizi, ana kichwa. Anapelekwa dispensari, anapimwa malaria, kipimo kinatoka chanya, anapewa dawa, na kichwa kimesahaulika. Malaria na jeraha la kichwa zaweza kukaa kwa mtoto mmoja. Neno la kwanza utakalomwambia klinikal ofisa liwe "ameanguka, kagonga kichwa, siku fulani saa fulani", kabla ya homa na kabla ya tumbo. Na kama mtoto alikuwa na homa na degedege ndio akaanguka, sema pia ni kipi kilianza.

KULALA GIZANI WIKI NZIMA AU KUNYANYUKA POLEPOLE?

Zamani, na si zamani sana, madaktari wenyewe walikuwa wakiamrisha chumba cha giza, hakuna kusoma, hakuna kutoka, mpaka kichwa kiache kuuma kabisa. Wazazi wengi bado wanafanya hivo, na wanafanya kwa mapenzi. Basi utafiti uliotoka 2015 ulilinganisha vijana walioambiwa wapumzike kabisa siku 5 na wale walioambiwa siku moja au mbili kisha warudi polepole, na wale wa siku 5 ndio walioripoti dalili nyingi zaidi. Mwaka uliofuata Kanada wakawafuata watoto zaidi ya 2,400, waliokuwa wameanza mazoezi ndani ya wiki ya kwanza, kama robo yao walikuwa bado na dalili baada ya siku 28, na wale ambao hawakufanya mazoezi yoyote walikuwa zaidi ya 4 katika 10. Utafiti huo wa pili hauthibitishi sababu, yawezekana waliotembea ndio waliokuwa na nafuu tangu mwanzo, lakini ukiweka pamoja na majaribio yaliyofuata mwelekeo ni mmoja, na wataalamu waliokutana Amsterdam 2022 wakakubaliana hivo: mapumziko ya kiasi saa 24 mpaka 48, kisha kutembea na shughuli nyepesi.

Mapumziko ya kiasi maana yake nini kwa mtoto wa Lamu? Siku mbili za mwanzo akae nyumbani, atembee ndani na uani, ale, azungumze na wenziwe, asaidie kuchambua mchele akitaka. Simu na katuni na geimu ndizo za kupunguza hizi siku mbili, na hapa kuna ushahidi wenye nguvu kiasi, jaribio la 2021 la vijana wa miaka 12 hadi 25 liliwanyima kundi moja skrini kwa saa 48, kundi hilo likapona kwa wastani wa siku 3 na nusu, lililoachiwa skrini likachukua siku 8. Saa 48, si mwezi. Nimeona wazazi wakichukua simu moja kwa moja kama adhabu, kijana anabaki peke yake na huzuni inaongezeka juu ya kichwa. Baada ya hizo siku mbili mrudishie kidogo kidogo.

Siku ya tatu atoke, atembee mpaka gatini na kurudi asubuhi jua halijawa kali. Akihisi dalili zaongezeka kidogo na zapungua akipumzika, hiyo si hatari, aendelee kwa kiasi hicho. Zikiongezeka sana apunguze, kesho ajaribu tena. Maji anywe ya kutosha. Ikiwa ni Ramadhani na mtoto kazoea kufunga, mwezi huu bado ana kichwa, asifunge, mgonjwa ana ruhusa na kukosa maji kutamuongezea maumivu. Na akisujudu kichwa kikamuuma aswali akiwa amekaa, dini haijamkalifisha zaidi ya uwezo wake.

SHULE KWANZA AU MPIRA KWANZA?

Kwenye hili mimi si wa katikati. Shule na madrasa kwanza, mpira mwisho. Kocha anayemrudisha mtoto uwanjani kabla hajaweza kukaa darasani siku nzima amekosea, hata kama ni fainali, hata kama kipa ni huyo mmoja tu.

Shuleni anaweza kurudi baada ya siku moja mbili tatu, hata kichwa hakijaacha kuuma kabisa, bora apunguziwe. Nusu siku. Akae mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Apewe ruhusa ya kuweka kichwa mezani dakika kumi. Mtihani usogezwe. Madrasani ndiko kugumu zaidi, nasema hivi kwa heshima kwa maustadhi wetu: watoto wengi chumba kimoja wakisoma kwa sauti, kila mmoja na sura yake, mtoto mwenye ubongo uliotikisika hawezi hizo kelele, na kuhifadhi ndicho kitu chenyewe kilichoguswa. Akisahau aya aliyoijua juzi si uvivu. Mzazi aende mwenyewe amueleze ustadhi, "Ustadhi, kijana kagonga kichwa, naomba wiki hii asikilize tu, asiulizwe hifdhi", na kwa nionavyo akielezwa vizuri hakatai.

Mpira una hatua. Kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha mazoezi ya mpira peke yake bila kugusana, kisha mazoezi magumu zaidi, kisha baada ya kuonwa na daktari au klinikal ofisa mazoezi kamili na wenzake, kisha mechi. Kila hatua angalau saa 24, na dalili zikirudi ashuke hatua moja. Kupiga mpira kwa kichwa na kugongana kusubiri mpaka dalili ziishe kabisa na awe amerudi shule kamili. Uingereza kwa michezo ya mitaani wameweka kwamba hakuna mechi kabla ya siku 21, na mimi napenda sheria hiyo ya kalenda kwa timu zetu zisizo na daktari, kwa sababu kocha hahitaji kupima kitu, anahesabu tu. Siku yenyewe ya kugonga ni kutoka na kutorudi, hata baada ya dakika ishirini akasema yuko fiti.

Mbona ukali wote huu? Kanada kulikuwa na msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, mchezaji wa raga, alifariki 2013 baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache bila kupumzishwa. Jimbo la Ontario likapitisha sheria kwa jina lake 2018, mchezaji anayeshukiwa atolewe na asirudi mpaka aruhusiwe. Vifo hivo ni nadra sana, Alhamdulillah. Ila mtoto aliyegongwa mara ya pili kabla hajapona, hata asipofikia huko, huwa anachukua muda mrefu zaidi kupona.

Na mpira wa huku haujaisha kwenye mpira. Kupiga mbizi gatini, kupanda mnazi, kupanda punda, mashindano ya punda ya Maulidi, kukaa nyuma ya bodaboda, kwenda na baba kwenye mashua ambapo foromali likigeuka lapita usawa wa kichwa, hivi vyote viko kwenye kundi moja na mechi. Kuogelea peke yake nako, mtoto akishikwa na kizunguzungu majini hakuna wa kumuona. Wavulana wetu hawataambiwa "usicheze mpira" wakaelewa kwamba gatini pia ni hapana, kwa hivo uyataje moja moja.

NI WAKATI GANI SASA WA KUVUKA?

Watoto wengi wanapona ndani ya wiki 4. Katika utafiti mkubwa wa Kanada kama 3 katika 10 walikuwa bado na dalili wakifika siku ya 28, na walionekana zaidi kuwa ni wasichana, wenye miaka 13 kwenda juu, wenye kipandauso, waliowahi kupata mtikisiko ukawachukua zaidi ya wiki, na wale ambao tangu mwanzo walijibu maswali taratibu, kelele ziliwakera na walichoka sana. Mtoto wako akiwa na mambo haya mawili matatu usingoje mwezi uishe, mrudishe kwa daktari baada ya wiki moja mbili hata kama aliruhusiwa. Msichana mkubwa hasa, manake nyumbani kazi hazimuachi, ataamka kuteka maji na kulea wadogo zake na hakuna atakayemuuliza kichwa.

Zikipita wiki 4 na bado analalamika, au alama shuleni zimeanguka, au amekuwa si yule, analia, hataki watu, halali, basi hapo ndipo mimi naona safari ya Malindi au Mombasa ina maana. Sasa hutafuti mashine. Unamtafuta daktari wa watoto au wa neva atakayekaa naye, mtu wa fiziotherapia kama ni kizunguzungu au shingo, na mtu wa ushauri kama ni huzuni. Nenda na ile karatasi ya saa na siku, karatasi ya kutokea hospitali ya kwanza, picha za skani kama zilipigwa, na barua fupi ya mwalimu inayosema alikuwaje darasani kabla na yukoje sasa. Piga simu uhakikishe daktari yuko siku gani, ndipo ukate tiketi.